Mashindano ya hotuba za ajira maskulini: anapimwa mtoto au anapimwa aliyemuandikia?

MweraKwetu (mleta mada)

Asalaam alaykum wana jukwaa. Nna jambo linanikera wiki nzima nkaona nilimwage hapa maana humu mna maalim, mna wazazi, mna vijana wa fomu six na mna watu wa mahoteli kama mie.

Nliitwa kuwa jaji kwenye mashindano ya kuzungumza ya wanafunzi. Mada ni utayari wa kazi, kujiajiri, uchumi wa buluu, yale yale mnayoyajua. Skuli sitaji na wilaya sitaji, msinitafute. Kazi yangu mie ni kuajiri, nakaa mezani na vijana kila msimu unapokaribia kabla hoteli hazijajaa, kwa hivyo nkasema alhamdulillah leo ntawaona mapema kabla hawajaja kwangu na bahasha zao za kaki.

Tuanze na haki yao, watoto wanaongea mashallah. Kapanda binti wa fomu three, karatasi kaificha mgongoni, kaanza na waheshimiwa majaji, mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wangu wapendwa, wazazi wangu watukufu na wanafunzi wenzangu, yaani salamu peke yake imeshakula muda wa hoja nzima na ana dakika tano tu. Ikaja hotuba. Sauti inapanda hapa, mkono unanyanyuka pale, anasita, anaendelea. Nzuri. Wa pili akaja, sauti inapanda pale pale, mkono unanyanyuka pale pale. Wa nne kasita sehemu ile ile aliyosita wa kwanza, na sentensi ni ile ile ya soko la ajira la karne ya ishirini na moja. Skuli tafauti!! Nkajuwa hizi zimetoka simu moja.

Fomu yetu ya alama ilikuwa na kujiamini, matamshi, mavazi, kutizama hadhira, kuzingatia muda. Pahala pa kuuliza suali hapana. Nkamuomba aliyekuwa anaendesha shughuli aniruhusu suali moja moja, akakubali shingo upande, bila alama lakini, eti ratiba imebana (ratiba imebana kwa sababu mgeni rasmi kachelewa na hotuba yake ilikuwa ndefu kuliko za watoto wote ukizijumlisha ila tuyaache hayo).

Kijana aliyekuwa anaongoza kaongelea utalii kwa Kiingereza kilichonyooka. Nkamuuliza, mgeni kafika saa tano asubuhi, chumba chake kinatoka saa nane, kachoka na ana mtoto mdogo analia, wewe uko mapokezi, utamwambia nini? Kimya. Kanitizama mie, kamtizama maalim wake, halafu karudia mstari wa mwisho wa hotuba yake kama ulivyo. Wallahi nlimuonea huruma, yule si mjinga, hajawahi kuulizwa tu.

Sasa kaja mmoja wa mafunzo ya amali. Hotuba kaiharibu. Kasahau katikati, karuka, watu wanacheka. Fomu yake ilionyesha anasomea majokofu na viyoyozi nkamuuliza, friji ya mama yako haigandishi, unaanzia wapi? Mikono ikatoka mfukoni. Akasema kwanza naangalia umeme unafika, taa ya ndani inawaka, halafu mpira wa mlango maana ukichanika baridi yote inatoka, halafu naskiliza kompresa inanguruma vizuri au inawaka na kuzima, halafu naangalia barafu nyuma isije ikawa imeziba feni, gesi mwisho kabisa. Nkamwambia mbona mafundi wengi wanaanzia gesi? Akasema kwa sababu gesi ndo inayolipa. Ukumbi mzima ukacheka, safari hii si kumcheka.

Kawa wa mwisho. Yule wa utalii kawa wa kwanza kapewa tableti.

Mie ningemuajiri nani? Nadhani mnajuwa. Sasa haya mashindano tunashindania nini hasa?

papasi_mstaafu

Hahaha gesi ndo inayolipa 😂😂 huyo dogo apewe uwaziri

maalim_wa_zamu

Mleta mada nimekusoma na baadhi ya uliyoyasema nakubali, ila nikwambie upande wa pili maana mie ndo hao walimu wa simu moja.

Barua inafika skuli jumatatu, mashindano ijumaa. Mada imeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini mpaka mie mwenyewe naisoma mara mbili. Nna vipindi vyangu, nna madaftari ya kusahihisha, nna zamu. Naambiwa lete mtoto mmoja. Unadhani ntachukuwa anayehitaji kujifunza kuongea? Nachukuwa yule yule aliyekwenda mwaka jana na mwaka juzi kwa sababu hatonitia aibu. Darasa zima limebaki limekaa kimya tangu fomu one na huyo mmoja anazunguka na hotuba skuli nzima inajuwa ni wa kuongea. Kwangu mie hiyo ndo kasoro kubwa zaidi kuliko hilo la kukariri.

Na kukariri nako kuna sababu yake. Mtoto kasoma msingi kwa Kiswahili, darasa la 5 hesabati na sayansi zikageuka Kiingereza, kufika fomu one kila kitu Kiingereza. Halafu unampandisha jukwaani unamwambia waza papo hapo, kwa lugha ambayo nyumbani hamna anayeizungumza, mbele ya mkuu wa wilaya. Anakariri kwa sababu kukariri ndo usalama wake. Lile suali lako la mapokezi ulimuuliza kwa lugha gani?

MweraKwetu

Maalim hapo umenishika. Kiingereza, kwa sababu mashindano yalikuwa ya Kiingereza. Yule wa friji nlimuuliza Kiswahili maana nliona hotuba ishamshinda. Nakubali mizani haikuwa sawa, ila fikra yangu haijabadilika sana, na ntakueleza kwa nini nkipata nafasi, niko kazini.

UmmuNasra

Mie mzazi. Hilo la kutizama hadhira hebu tulizungumze kidogo.

Mwanangu wa kike nimemlea akiitwa anaitika abee, mkubwa akisema yeye anainamisha macho, hamkodolei. Bibi yake ndo alivyonilea mie. Sasa anakwenda kwenye hayo mashindano anarudi na fomu imeandikwa hana mawasiliano ya macho na majaji, kakatwa alama. Kwa hivyo adabu yetu ni upungufu?

Na mtoto huyo huyo siku ya maulidi chuoni kwao (madrasa) anasimama mbele ya mtaa mzima, wanaume kule wanawake huku, anasoma kaswida tangu mwanzo mpaka mwisho hatetemeki hata ukucha. Watoto wetu jukwaa wanalijuwa tangu wadogo jamani, wasiambiwe hawajiamini.

papasi_mstaafu

Bi UmmuNasra nakuheshimu sana ila mgeni wa Kizungu ukimuinamishia macho anahisi unataka kumuuzia kitu kibovu. Nimekaa Kiwengwa pwani miaka kwa upapasi, kuwafuata wageni kuwauzia vitu na safari, Kitaliano changu chote nimekipata mchangani hamna jaji hamna fomu. Somo la kwanza ni hapana. Mgeni anakwambia hapana hujamaliza hata kumsalimia, hapo unafanya nini? Ukirudia maneno yale yale umekwisha. Unatizama kavaa nini, kachoka au hajachoka, yuko na nani, unabadilisha. Yule kijana wa utalii angekaa na sie asubuhi moja tu angejibu lile suali la chumba.

Angejibu hivi, mzigo wako niachie mie, mtoto mpe juisi, bwawa lile pale, saa saba na nusu nakuja mwenyewe kukuita. Kwisha.

MweraKwetu

😂 Papasi jibu lako zuri kuliko la watu niliowaajiri, ila usimuahidi saa saba na nusu kama hujaongea na hausikipa kwanza.

Bi UmmuNasra, mie kwenye usaili macho siyakatii alama. Akiinamisha akanijibu nilichomuuliza nimeridhika. Kwenye fomu imewekwa kwa sababu ni rahisi kuiona kutoka mbali, sawa na mavazi. Kufikiri hakuonekani kutoka meza ya majaji mpaka uulize.

fomu6_mwisho

Shikamooni wakubwa. Naomba na sie tusikike maana tunajadiliwa kama hatumo.

Mie nimeshiriki. Mada yangu ilikuwa nafasi ya vijana kwenye uchumi wa buluu nkapewa hotuba imeshaandikwa, ndani mna kipande cha mwani, kwamba kilimo cha mwani kimeanza Zanzibar 1989 na wanawake wengi wa pwani wanakitegemea, na vijana tuongeze thamani tutengeneze sabuni. Basi nafanya mazoezi uani Jambiani kwa bibi, bibi yangu analima mwani tangu mama yangu mdogo. Kaskiliza mpaka mwisho, kacheka, kaniambia mbona hukusema kwa nini tumeacha kotonii tukarudi spinosamu (aina mbili za mwani hizo)? Nkamwambia bibi haimo. Akanieleza pale pale huku anafunga kamba, kotonii ndo yenye bei lakini maji yakipata moto inaoza inakatika kwenye kamba, spinosamu inavumilia ila bei yake ndogo, na kina kirefu ambako maji ni baridi wao hawawezi kwenda kwa miguu wanataka boti na kuogelea. Dakika mbili tu zile, zina maana kuliko karatasi yangu yote.

Nkamwambia maalim nataka kuiingiza hii. Kaniambia usiharibu mtiririko.

Na lengine, tunachekwa. Ukikosea neno la Kiingereza wanakucheka wenzio, na walimu wengine wanacheka pia. Sasa nani atathubutu kuongea kitu hajakikariri?

maalim_wa_zamu

Mwanangu fomu6 hilo la walimu kucheka ni kweli na ni aibu yetu. Na bibi yako mpe salamu zangu, huyo ndo angekuwa jaji.

MzeeWaBaraza

Zama zetu ilikuwa dibeti kila ijumaa nyumba kwa nyumba, skuli imegawiwa nyumba nne, mada inabandikwa asubuhi mnaongea mchana, na asiyeongea anapangiwa wiki ya pili. Sasaivi mmeleta mabango na tisheti na maji ya chupa, wanaongea watoto kumi, mia tano wanapiga makofi.

kijana_wa_maskani

Nyie mnapoteza muda. Utayari wa kazi gani na kazi zenyewe ziko wapi? Nina shahada, nina cheti cha kompyuta, nipo maskani hapa nagonga bao. Mahoteli yenyewe nafasi za juu wanapewa watu kutoka nje ya Zanzibar. Mtoto akishaongea vizuri ndo atapewa kazi ya mjomba wa nani?

MweraKwetu

Kaka sikukatalii, hotuba haizalishi nafasi za kazi na mtu akikwambia inazalisha anakudanganya. Kazi za kupeana kwa kujuana zipo, nimeziona kwa macho yangu. Ila zile ambazo zinagombaniwa kwa haki nazo zipo, na hapo nikwambie ninachokiona mie mezani. Anakuja kijana wetu na vyeti vyake vizuri, namwambia nieleze kitu ulichokifanya mwenyewe kikakushinda ukakitatua, ananiambia mimi ni mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Namuuliza tena kwa njia nyengine, anarudia. Anakuja mwengine wa kutoka mbali vyeti vyake vya kawaida, ananihadithia siku umeme ulivyokatika harusini na vyakula viko kwenye friji alifanya nini. Nani nitamkumbuka jioni nkikaa na bosi?

kijana_wa_maskani

Sawa nimekuelewa. Ila la mjomba liko pale pale.

MkunaziniMpakaOhio

Naingia kutoka mbali. Mtoto wa dada yangu anasoma skuli ya ufundi huku Marekani na wao wana mashindano haya haya ya utayari wa kazi, chama chao kinaitwa SkillsUSA, kilianza 1965 kwa jina la VICA. Nimemsindikiza kwa hivyo nieleze namna wanavyopanga maana inaingia kwenye mada.

Hotuba ya kutayarisha ipo, dakika 5 mpaka 7, mada moja kwa wote. Hapo kukariri kupo kama kwetu. Lakini pembeni lipo shindano jengine la hotuba ya papo hapo, unapewa mada unakaa dakika 5 kujipanga, halafu unasimama unaongea dakika 3 mpaka 5. Hamna mwalimu hamna simu. Na lipo la tatu mie ndo lilinifurahisha, shindano la usaili wenyewe. Mtoto anajaza fomu ya maombi ya kazi, anakwenda kwa mtu wa mapokezi, halafu ndo anaingia kwa msaili. Na yule wa mapokezi ana alama zake! Umeingia hukusalimia, umekaa unachezea simu, zishaondoka na wewe hujaingia hata chumbani.

Halafu kuna wale wa kilimo, FFA, wa tangu 1928. Hotuba yao dakika 6 mpaka 8 na ukimaliza majaji wanakuuliza masuali dakika 5. Kwa hivyo anachokisema MweraKwetu si kitu cha ajabu, wenzetu wamekiweka kwenye kanuni. Hata wale Toastmasters, klabu za watu wazima za kujifunza kuhutubia, walioanza California 1924, wana kipengele cha kuitwa jina ghafla unapewa suali unaongea dakika moja mpaka mbili.

Ila jamani tusije tukachukuwa na kubandika. Huku mtoto anapelekwa kuona kazi kabla ya kuizungumzia. Ukileta masuali makali kwa mtoto ambaye hajawahi kuona karakana wala jiko la hoteli utamuaibisha tu.

Baharia_Wete

Na Pemba je? Maana mnaongea kana kwamba Zanzibar inaishia Bububu. Watoto wetu wakialikwa fainali Unguja wanapanda meli usiku, bahari ikichafuka wanatapika mpaka alfajiri, wanafika wanapelekwa moja kwa moja ukumbini na nguo zimekunjana, halafu jaji anakata alama za mavazi na kujiamini. Mie nimewasindikiza. Mtoto kajitahidi kasimama huku kichwa bado kinayumba. Walete majaji Chake mwaka mmoja wao ndo wapande meli, tuone nani atazingatia muda.

UmmuNasra

Subhanallah 😂 pole zao. Naunga mkono majaji wapande meli.

MweraKwetu

Haya nimerudi. Nimesoma yote na nimebadilisha kidogo nilichokuwa nakitaka. Mie nlikuwa nataka masuali tu. Sasa naona hivi, hotuba iwe fupi dakika tatu, salamu iwe moja kwa wote anaitoa mshehereshaji na mtoto aanze na hoja. Halafu masuali dakika tatu nyengine, na alama nyingi ziwe huku kwenye masuali, mtoto achague Kiswahili au Kiingereza na asikatwe kwa kuchagua. Anayeuliza awe mtu anayeifanya hiyo kazi, fundi kwa fundi, mwani kwa mwani. Na skuli isilete mtoto mmoja, ilete majina ya darasa zima tuokote pale pale kwenye kikapu. Najuwa maalim utanilaumu.

maalim_wa_zamu

Sikulaumu, la kikapu ndo zuri kuliko yote kwa sababu litanilazimisha niwafundishe wote. Ila hutopata kibali mapema, mashindano makubwa yana wafadhili na wafadhili wanataka picha nzuri, mtoto anayebabaika hapendezi kwenye picha. Tuanzie ndani ya skuli. Baadae tukiliweza tuwaombe wahusika waliingize kwenye sherehe za Elimu Bila Malipo za Septemba, maana pale michezo na sanaa watoto wanashindana tayari, kuongea kuhusu kazi nako kungepata pahala.

MzeeWaBaraza

Sawa kabisa. Tarehe 23 Septemba 1964 nlikuwa mdogo, elimu ilipotangazwa bure. Watoto wapewe na sauti.

FundiMchinaMwanzo

Nimechelewa kuuona uzi huu. Mie fundi wa majokofu. Huyo dogo kajibu sawasawa, gesi ya friji haiishi kwa kutumika, inazunguka humo humo, ikipungua ujuwe kuna pahala panavuja na ukijaza bila kuziba utarudi baada ya wiki. Wateja hawajui wanadanganywa kila siku. Ningemuuliza na suali la pili, kompresa inawaka inazima baada ya sekunde chache, unashuku nini? Akinijibu rilei au kapasita (vifaa vidogo vya kuiwashia kompresa) kabla ya kuniambia kompresa imekufa namchukuwa dukani kwangu kesho. Jina lake nani?

MweraKwetu

Jina la mtoto siliweki hapa fundi. Nicheki inbox ntakuunganisha na maalim wake wa chuo, na wavyele wake waulizwe kwanza.

FundiMchinaMwanzo

Sawa haina neno. Nalipa nauli na chakula, asije akadhani anakuja kufagia.

maalim_wa_zamu

Fundi na wewe MweraKwetu, kabla hamjatoroka. Skuli kwetu nataka kujaribu hili la kikapu na fomu four, alhamisi baada ya vipindi. Nahitaji mtu wa hoteli na fundi mmoja wa kuuliza. Bibi wa fomu6 nae kama anaweza kuja kutoka Jambiani ntamtafutia usafiri.

fomu6_mwisho

Bibi kasema anakuja ila iwe siku za maji mafu, bamvua maji yakikupwa sana yumo baharini kwenye mwani.

FundiMchinaMwanzo

Alhamisi nna kazi Fuoni. Jumamosi?

maalim_wa_zamu

Jumamosi asubuhi watoto wako chuoni, madrasa.

FundiMchinaMwanzo

Bas baada ya adhuhuri. Nakuja na friji mbovu, wewe tafuta waya mrefu wa umeme tu.